Kilo 14 za Fedha, Tani 13 za Kuvu

Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 291,930 Kisauni, 250,358 Likoni na 131,882 Changamwe. Jumla yao ni 674,170. Tukichukua watu watatu kwa kila nyumba, tunapata nyumba kama 225,000 katika ng'ambo hizi tatu za kisiwa cha Mombasa. Si haba miongoni mwao wanaokunywa maji ya mtungi wa lita 20, uliojazwa kisimani au kwa jirani mwenye bomba na kuletwa mlangoni kwa mkokoteni.

Sasa tuulize swali la mhasibu. Tuseme kila nyumba imepewa kichungi cha udongo kilichopakwa chembe ndogo mno za madini ya fedha, zile zinazoua bakteria, na tuseme chembe hizo zimetengenezwa na kuvu badala ya kiwanda cha kemikali. Tungehitaji nini? Fedha yenyewe ni kilo 14.4, mzigo ambao bodaboda angeuvusha Feri ya Likoni bila kuufunga kamba mbili. Kuvu mbichi ni zaidi ya tani 13. Maji safi ni lita 133,000.

Watu wa maabara huianza habari hii kwa kuvu. Mimi naianzia kwenye mizani, kwa sababu tofauti hiyo ya kilo na tani inaeleza kwa nini teknolojia iliyosifiwa kwa zaidi ya miaka 20 kuwa rahisi na ya bei ya chini bado haijafika soko la Kongowea.

Njia yenyewe si siri. Mwaka 2001 kundi la Murali Sastry katika Maabara ya Taifa ya Kemia mjini Pune, India, lilionyesha kuwa kuvu ya jamii ya Verticillium ikitiwa kwenye maji yenye nitrati ya fedha huzigeuza ayoni za fedha kuwa chembe ngumu ndani ya nyuzi zake. Zikiwa mle ndani hazina faida kubwa, maana kuzitoa ni kazi nyingine. Mwaka 2003 watu wa Pune wakatumia Fusarium oxysporum, na safari hii chembe zikatokea nje, majini, zikiwa na upana wa nanomita 5 hadi 15. Nelson Durán na wenzake nchini Brazil wakaiendeleza Fusarium hiyo mwaka 2005, na miaka miwili baadaye wakazipachika chembe zake kwenye kitambaa cha pamba. Kwetu sisi wa Pwani, kazi inayovutia zaidi ni ya mwaka 2009: Kathiresan na wenzake wa Parangipettai, Tamil Nadu, walichukua kuvu ya Penicillium fellutanum kutoka kwenye tope la mikoko wakapata chembe za nanomita 5 hadi 25. Tope la mikoko tunalo Tudor, Port Reitz na Mtwapa, na bahari ni ileile moja.

Tuitazame chupa yenyewe kwa karibu. Kuvu hukuzwa kwenye mchuzi wa viazi na sukari, ikitikiswa taratibu kwa siku tano hadi saba, mpaka ijikunje kuwa vidonge vyeupe vya nyuzi. Vidonge huchujwa na kuoshwa, kisha gramu 10 za kuvu mbichi hutiwa katika mililita 100 za maji yaliyokenekwa, aina ile inayotiwa kwenye betri ya gari, na kuachwa kwa saa 72. Katika muda huo kuvu huachia protini na vimeng'enya ndani ya maji. Kuvu hutolewa, kinachotakiwa ni yale maji. Hutiwa nitrati ya fedha mpaka kila lita iwe na milimoli 1, na maji yaliyokuwa na umanjano hafifu huanza kukolea hadi chupa nzima ikawa hudhurungi. Mashine ya kupima mwanga huonyesha kilele karibu na nanomita 420, mtafiti hupiga picha, na makala nyingi huishia hapo.

Faida ya udogo huo ni eneo. Gramu moja ya fedha ikiwa kipande kimoja cha mchemraba ina uso wa sentimita za mraba zisizofika moja na nusu. Gramu hiyohiyo ikigawanywa kuwa chembe za nanomita 20, uso wake unafika karibu mita za mraba 28, sawa na sakafu za vyumba vitatu vya kupanga vya futi kumi kwa kumi. Bakteria hukutana na uso, hawakutani na uzito. Ndiyo maana kiasi kidogo hufanya kazi kubwa.

Kiasi gani basi? Kichungi cha udongo kilibuniwa Guatemala na Fernando Mazariegos mwaka 1981, na shirika la Potters for Peace likakieneza duniani. Udongo huchanganywa na unga wa mbao. Tanuri huunguza mbao na kuacha vitundu, na maji hupita polepole, lita 1 hadi 3 kwa saa. Afrika Mashariki tunavijua: Chujio Ceramics ya Limuru huvifinyanga. Kanuni ya kawaida ya kukipaka kichungi ni mililita 2 za mchanganyiko wenye fedha asilimia 3.2, zikiyeyushwa katika mililita 300 za maji na kupakwa kwa brashi ndani na nje. Hiyo ni miligramu 64 za fedha kwa kichungi kimoja.

Oktoba 2025 bei ya aunsi moja ya fedha ilivuka dola 50 katika soko la dunia. Kwa bei hiyo na dola ya shilingi 129, gramu moja ilikuwa kama Sh 200, na miligramu 64 kama Sh 13. Hata kichungi kikiuzwa kwa Sh 2,000 tu, madini hayo hayafiki asilimia moja ya bei. Kwa hiyo anayekuambia kuwa kikwazo cha teknolojia hii ni ughali wa fedha hajashika kalamu.

Kikwazo ni ujazo. Milimoli 1 ya fedha kwa lita ni miligramu 108 tu. Lita moja ya ule mchanganyiko wa hudhurungi inatosha kichungi kimoja na nusu, hivi na hivi. Kilo 14.4 zikigawanywa kwa miligramu 108 zinatoa lita 133,000, na hapo nimekuwa mkarimu: nimechukulia kuwa fedha yote imegeuka chembe na hakuna tone lililopotea kwenye kuosha. Kila lita inataka gramu 100 za kuvu mbichi. Ndiyo hizo tani 13. Na kuvu nayo hula. Mchuzi wa kawaida wa maabara una gramu 200 za viazi na gramu 20 za sukari kwa lita, na lita moja ya mchuzi, mambo yakienda vizuri, inaweza kutoa hizo gramu 100. Basi tunahitaji tani 26.6 za viazi, yaani magunia 532 ya kilo 50, pamoja na tani 2.7 za sukari. Wachuuzi wa viazi wa Kongowea wangefurahi. Mwenye kulipa sijui.

Maji nayo yana kisa chake, na hiki ni kisa cha Mombasa hasa. Visima vingi vya upande wa bara vina chumvi, na chumvi ina kloridi. Shirika la Afya Duniani linasema mdomo huanza kuonja chumvi pale kloridi inapopita miligramu 250 kwa lita. Kiasi hicho ni milimoli 7, mara saba ya fedha tunayotaka kuitia. Kloridi na fedha zikikutana huungana papo hapo kuwa unga mweupe usioyeyuka, kloridi ya fedha. Maana yake, ukitumia maji ya kisima ambayo mnywaji anayaona ni ya kawaida tu, fedha yako yote itazama chini ya chupa kabla kuvu haijapata nafasi ya kuigusa. Lazima maji yakenekwe. Kuchemsha lita moja hadi ikawa mvuke yote kunataka karibu uniti 0.7 za umeme; kwa uniti ya Sh 25 hiyo ni Sh 18 kwa lita.

Chumvi hiyo inarudi tena mwishoni, kichungi kikishafika nyumbani. Ayoni za fedha zinazotoka kwenye chembe ili kuua bakteria hukutana na kloridi ileile na kupoteza sehemu ya makali yake. Chembe iliyofanya maajabu kwenye sahani ya maabara, ndani ya maji safi, haijafanyiwa mtihani wa kisima cha Kisauni.

Tuje kwenye bei ya lita moja. Nimechukua viazi Sh 50 kwa kilo, sukari Sh 150, umeme Sh 25 kwa uniti, na nitrati ya fedha iliyo safi kwa bei mara tatu ya madini yaliyo ndani yake, kwa kuwa dawa za maabara haziuzwi kwa bei ya sonara. Ni makadirio, mwenye risiti zake azibadilishe. Nitrati inakuja Sh 65. Chakula cha kuvu Sh 13. Maji yaliyokenekwa Sh 18. Kuua vijidudu vya mchuzi kwa mvuke wa nyuzi 121 ni kama Sh 7, ukihesabu joto linalopotea. Mpaka hapa ni Sh 103, na mtu anaweza kudhani biashara ipo.

Kisha zinakuja zile siku za kungoja. Mashine ndogo ya kutikisa inabeba chupa zenye jumla ya lita 4 za mchuzi na kula wati kama 300. Kwa siku tano ni uniti 36, yaani uniti 9 kwa lita, yaani Sh 225. Umeme wa kungoja umeipiku fedha mara tatu na zaidi. Na bado hatujamlipa mtu. Fundi wa maabara wa Sh 50,000 kwa mwezi, mwenye mashine mbili, anatoa lita 8 kwa wiki, lita 32 kwa mwezi. Mshahara wake unaangukia kila lita kwa Sh 1,560. Jumla inafika Sh 1,890 kwa lita, au Sh 1,120 kwa kila kichungi. Kati ya hizo, madini ya fedha yenyewe bado ni zile Sh 13.

Hapa joto la Pwani linasaidia kidogo. Kuvu hizi hupenda nyuzi 25 hadi 28, na Mombasa huzipa bure karibu mwaka mzima, wakati maabara ya Nairobi hulazimika kupasha moto. Lakini hewa ileile yenye unyevu imejaa mbegu za koga za kila namna; aliyeacha viatu vya ngozi kabatini msimu wa masika anajua. Chupa moja ikiingiliwa na koga ya nje, kazi ya wiki nzima inamwagwa.

Sasa tuongeze ukubwa. Tuweke tangi la lita 1,000 kule Changamwe kwenye viwanda, la kukuzia kuvu, na jingine la kuilowekea. Wafanyakazi wanne wa Sh 50,000, duru nne kwa mwezi. Mshahara unashuka kutoka Sh 1,560 hadi Sh 50 kwa lita. Umeme wa kukoroga, wati 2,000 kwa siku tano, unashuka hadi Sh 6. Mitambo tuseme imegharimu Sh milioni 10 na itadumu miaka 10. Hiyo ni Sh 21 kwa lita. Jumla mpya ni Sh 180 kwa lita, Sh 107 kwa kichungi. Ukubwa umeangusha gharama mara kumi. Kwa duru 48 kwa mwaka, nyumba zote 225,000 zingehudumiwa kwa karibu miaka mitatu, kwa Sh milioni 24.

Si pesa za kutisha kwa kaunti. Ningeishia hapo kama kuvu ingekuwa haina mshindani.

Inaye. Mwaka 1982 Lee na Meisel walieleza njia ambayo hadi leo mwanafunzi wa kemia huifanya: miligramu 90 za nitrati ya fedha katika mililita 500 za maji yanayochemka, mililita 10 za sitrati ya sodiamu ya asilimia 1, chemsha saa moja. Sitrati ni ndugu wa uchachu wa ndimu. Hutiwa kwenye vinywaji. Kwa hiyo ile sentensi inayofungua makala nyingi, kwamba kuvu ni salama ilhali kemikali ni sumu, ni kweli kwa baadhi ya kemikali kama borohidridi ya sodiamu, na si kweli kwa sitrati. Gharama yake? Nitrati Sh 65, maji Sh 18, sitrati haifiki shilingi, moto Sh 5, na mfanyakazi mmoja anayetoa lita 100 kwa siku Sh 25. Jumla ni kama Sh 115 kwa lita, Sh 68 kwa kichungi. Kwa nyumba zote ni Sh milioni 15 badala ya 24, na saa moja badala ya wiki.

Kuvu inalipwa Sh milioni 9 za ziada kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya koti la protini. Chembe za kuvu hutoka zimevikwa protini zinazozizuia zisishikane, na zinaweza kukaa miezi bila kuganda pamoja. Kwenye kichungi cha udongo koti hilo halina thamani kubwa, kwa sababu chembe zinapakwa na kunaswa ukutani zikakauka. Kwenye kitambaa cha kufungia kidonda linaweza kuwa na maana zaidi. Lakini huko nako kuna mwenyeji: krimu ya salfadiazini ya fedha ya asilimia 1 imekuwa hospitalini miaka mingi kwa majeraha ya moto. Na bakteria wanaoistahimili fedha wapo. Mwaka 1975 iliripotiwa Salmonella sugu katika wodi ya walioungua huko Massachusetts, Marekani. Fedha si dawa isiyozoeleka.

Klorini nayo isisahaulike, maana ndiyo mshindani wa kweli wa Kisauni na Likoni. Nyumba inayotibu lita 20 kwa siku, kwa miligramu 2 za klorini kwa lita, inatumia gramu 14.6 kwa mwaka. Nyumba 225,000 zinatumia tani 3.3, au tani 5 za unga wenye klorini asilimia 65. Kwa Sh 500 kwa kilo hiyo ni Sh milioni 2.5 kwa mwaka. Zaidi ya hayo, klorini hubaki majini na kuyalinda ndani ya mtungi, hata mtoto akichota kwa kikombe kilichotoka sakafuni. Kichungi hakina ulinzi huo baada ya maji kutoka. Ubora wake ni mwingine: hakibadilishi ladha, kinachuja tope, na hakimtaki mtu akumbuke kipimo kila asubuhi. Hiyo ni faida halisi, lakini ni ya kichungi, si ya kuvu.

Kuna gharama mbili ambazo sikuzitia kwenye lita, na zote ni za upande wa kutupa. Tani 13 za Fusarium zilizokwisha kazi si takataka za kumwaga shambani. Fusarium oxysporum ina matawi yanayonyausha migomba, na Aspergillus flavus, kuvu nyingine inayotajwa katika utafiti wa chembe hizi za fedha, ndiyo mtengenezaji wa sumukuvu iliyoua watu 125 nchini Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui. Kila kilo lazima ipikwe kwa mvuke kabla ya kutoka getini. Wapo watafiti wa India waliotumia uyoga wa kuliwa, Pleurotus sajor-caju, na kwa maoni yangu mtu wa Mombasa angeanzia huko.

Ya pili ni maji machafu. Ikiwa asilimia 5 tu ya fedha haikugeuka chembe, kila lita inayomwagwa ina miligramu 5.4. Shirika la Afya Duniani linakubali hadi miligramu 0.1 kwa lita katika maji ya kunywa yanayotibiwa kwa fedha. Tungekuwa tunamwaga mara 54 ya hapo, na mtaro wa Changamwe unaelekea Port Reitz, kwenye mikoko na kamba. Kuikamata fedha hiyo kwa chumvi ni rahisi, na hapa maji ya kisima yanapata kazi yake: yamwage humo, unga mweupe uzame, ukusanywe uuzwe. Lakini lazima mtu apangiwe kazi hiyo na alipwe.

Tanzania jirani kuna mfano wa kufaa. Mwaka 2015 Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, pauni 25,000, kwa kichungi kinachounganisha mchanga na vifaa vya nano. Alichokiuza si namna chembe zilivyozaliwa, bali kichungi kinachorekebishwa kulingana na maji ya mahali, floridi ikiwa ndiyo tatizo basi floridi. Kwa Kisauni tatizo la kurekebishia ni chumvi.

Je, kuna ukubwa ambao kuvu inafaa? Vichungi 1,000. Hivyo vinataka gramu 64 za fedha, lita 593, kilo 59 za kuvu na magunia mawili na nusu ya viazi. Tangi la lita 100 linamaliza kwa duru sita. Chuo chenye maabara kinaweza kuvifanya, kikavigawa pamoja na idadi ileile ya vichungi vya chembe za sitrati katika mtaa mmoja wenye visima vya chumvi, kikapima bakteria kwa mwaka mzima. Hapo ndipo koti la protini lingejulikana kama lina thamani ya Sh 39 za ziada kwa kila kichungi au halina.

Au kuna njia ya kuupunguza ujazo. Ukiongeza nitrati mara kumi, lita 133,000 zinakuwa 13,300 na tani 13 zinakuwa 1.3, na kuvu inakuwa nafuu kuliko leo. Tatizo ni kwamba chembe zikisongamana hukua na kushikana, na eneo lile la vyumba vitatu linapotea. Atakayeitatua hiyo ndiye atakayekuwa amefanya kazi, kuliko atakayetuletea kuvu mpya ya kumi na moja.

Kwa hiyo msomaji, ukialikwa kwenye uzinduzi na kuonyeshwa chupa ya hudhurungi na picha ya hadubini, uliza mambo mawili kabla ya kupiga makofi: gramu moja ya fedha imetoka kwenye lita ngapi, na maji ya majaribio yalichotwa kisima gani.